Jumamosi ya Kuosha Kahawa

Siku yangu ya kwanza kiwandani, Meneja hakunipa kiti wala karatasi. Alinipeleka moja kwa moja kwenye tangi, akaniambia nitumbukize mkono. Nikashika kahawa iliyomenywa maganda jana yake, inateleza kama bamia, nikacheka kwa sauti. "Huu ute ukiisha, punje zikikwaruza kama changarawe, osha mara moja," alisema. "Ukichelewa inachacha, na mnunuzi ataonja kuchelewa kwako." Niliipenda kazi dakika ile ile. Nyinyi vijana mnaoipokea leo, anzeni kwa kutumbukiza mkono.

Nimezaliwa Asumbi, nikaolewa huku milimani upande wa Migori, kwa hiyo kila mtu aliniita Nyar Asumbi, binti wa Asumbi. Ushirika wetu ulikuwa bado mchanga. Wakulima waliochoshwa na miwa walikuwa wamepanda kahawa ya kilimo hai: samadi ya ng'ombe, majani makavu ya kufunika udongo, na hakuna kunyunyiza dawa ya dukani. Mnunuzi wa biashara ya haki, yaani yule anayekubali bei isiyomwangusha mkulima, alikuwa ameahidi kuonja mavuno yetu ya kwanza. Yakimpendeza, tuna soko. Yakiwa machachu, kahawa ing'olewe na miwa irudi. Hata watoto walilijua hilo.

Meneja alitoka kule Mlima Kenya na kahawa aliijua barabara. Sisi ndio hakutujua. Alichagua waoshaji hodari kuliko wote, akawaweka kundi moja chini ya Mzee Odhiambo. Wote walikuwa wa kijiji kimoja, na wote Waadventista. Ijumaa moja mavuno yalipopamba moto, matunda mekundu yaliletwa mpaka tangi likajaa pomoni. Kundi lile likamenya kwa bidii, kisha kabla jua halijazama wakanawa mikono, wakaaga kwa adabu, wakaenda zao. Meneja akadhani wataonana asubuhi.

Asubuhi nilimkuta kando ya tangi, peke yake na bawabu. Nikatumbukiza mkono. Changarawe.

"Watu wangu wako wapi?" akaniuliza.

"Wako kanisani, Meneja. Leo ni Sabato yao mpaka jua lizame."

"Wote?"

"Wote. Si uliwachagua mwenyewe."

Alitaka kumtuma bawabu akawaite. Nilimzuia, tena kwa ukali, maana hao walikuwa jirani zangu. "Ukiwatoa kanisani leo, hutawaona tena Jumatatu," nikamwambia. "Wacha mimi niende kwa wangu."

Wangu walikuwa akina mama Wakatoliki, ambao kila Jumamosi walisafisha kanisa kwa ajili ya misa ya kesho yake. Niliwakuta ndio kwanza wanafunga leso viunoni. Niliwaeleza kwa pumzi moja. Walitazamana, wakatazama vumbi kwenye viti, kisha wakabeba ndoo zao tukateremka mbio.

Lo, siku ile! Niliwapanga kwenye mfereji wa kuoshea, nikawafundisha kusukuma kahawa kwa vibao huku maji yakipita, ile nyepesi ielee iondolewe, nzito ibaki chini. Meneja mwenyewe alivua viatu, akakunja suruali, akapokea amri zangu. Akina mama wakamtania kwamba sasa ni shemeji yetu, tumtafutie tu mke. Mchana haujaisha, kahawa yote ilikuwa imetandazwa kwenye vitanda vya kukaushia, zile meza ndefu za waya, safi, bila harufu ya uchachu hata kidogo. Nilipiga vigelegele mpaka koo likauma.

Jumapili alfajiri, kundi la Mzee Odhiambo lilifika bila kuitwa. Kahawa mbichi lazima igeuzwe mara kwa mara isiote ukungu. "Nyar Asumbi, wewe nenda misa," Mzee aliniambia. "Leo ni zamu yetu." Utaratibu huo haujabadilika mpaka leo: Jumamosi Wakatoliki, Jumapili Waadventista.

Tulikwenda misa tukiona aibu ya vumbi tuliloliacha. Tukakuta kanisa linang'aa, viti vimepanguswa, uwanja umefagiwa na kunyunyiziwa maji. Tukamshukuru katekista, mwalimu wa dini aliyelitunza kanisa letu. Akakana, nasi tukasema ni unyenyekevu wake.

Mnunuzi alionja, akachukua mzigo wote. Kutoka hapo nilipanda kuwa mkuu wa matangi, halafu mkaguzi wa mashamba, nikitembea mpaka vilima vya Homa Bay kuhakikisha hakuna aliyenyunyiza dawa kwa siri. Mameneja wamekuja na kuondoka, na kila mgeni nilimweleza zamu zetu kabla hajaomba chai.

Mwaka huu nimestaafu. Kwenye kuniaga niliwasimulia waliokuja kisa hiki, nikamsifu katekista wetu. Mzee Odhiambo, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, akacheka.

"Katekista hakujua lolote," alisema. "Jua lilipozama, Sabato ikaisha, sisi tukachukua mifagio. Nyinyi mliacha kanisa lenu juu ya kahawa yetu. Tungelala aje?"

Nililia mbele ya watu wote, na kwa furaha ile ningelia tena leo. Vijana wangu, mashine mpya zikija zipokeeni kwa mikono miwili. Zamu ile ya Jumamosi na Jumapili msiiguse.