Meneja wa Mapokezi

Nichekeni tu, nastahili. Nilimwomba bosi wa yadi yetu ya malori hapa Tunduma aniongeze mshahara, akanipa kitambulisho kipya: Meneja wa Mapokezi. Kazi ilibaki ileile ya kufungua na kufunga geti, ila mimi nilianza kupiga pasi hadi soksi.

Nikajisahau. Kwenye barua ya posa aliyonipelekea mshenga kule Itaka, nikaandika cheo hicho kwa herufi kubwa.

Juzi akaja getini mzee aliyevaa suti, viatu vimejaa matope.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Namtafuta Meneja wa Mapokezi. Amemposa binti yangu, nimekuja kumwona kwa macho."

Nikakificha kitambulisho ndani ya shati. "Meneja amevuka mpaka, mzee. Yuko Nakonde. Labda kesho."

Mara gari la bosi likapiga honi nyuma yetu. Akatoa kichwa dirishani.

"Wewe Meneja! Umelala? Fungua geti!"

Geti letu ni zito. Mzee alinitazama, akaweka mwavuli wake chini, akaja tukalisukuma pamoja.

"Kumbe Nakonde ni karibu hivi," akasema.