Wafu Wasiojua Kiswahili

Harufu ya chisense, wale dagaa wadogo wanaoanikwa mchangani, hunirudisha Kashikishi, kando ya Ziwa Mweru, hata nikiwa na shughuli zangu. Mwaka nilioanza shule, njia yetu ya ziwani ilipita kando ya matete marefu ambayo kila mtoto aliyaogopa. Ilisemekana waliozama Mweru walikaa humo. Ukisikia kinu kinatwangwa chini ya maji, ujue wanapika. Na ukisalimiwa kwa Kibemba, ole wako ukiitikia, maana anayeitikia huenda nao. Watoto wenyeji, waliofunzwa kutoiacha salamu bila jibu, walipita pale mbio wameziba masikio. Sisi watoto wa wakimbizi kutoka Kongo tulipita taratibu, kwa sababu bibi yangu, tuliyemwita Kaku, alikwisha kututoa wasiwasi.

"Mutoto, usiogope," alisema. "Bafu ba huku habasikie Kiswahili." Hata tungeitikia kwa lugha yetu, wafu hao wasingetuelewa.

Kaku alizaliwa Kalemie, katika kambi ya wafanyakazi wa reli, na hakuwa na lugha nyingine ila Kiswahili. Kibemba alikikataa katakata. Sokoni aliuza mihogo kwa kuonyesha vidole na kununa, na akisemwa alijibu kwamba mwacha asili ni mtumwa. Nilimpenda kwa ukaidi huo, ingawa ulinitia aibu mbele ya wenzangu.

Kisha miguu yake ikavimba, ikawa wazi kwamba hatavuka tena ziwa kurudi kwao. Siku moja tukichambua mboga aliniuliza, "Sasa bakinizika huku, nitasema na nani?" Hakuwa anatania. Kufa hakukumtisha, alichoogopa ni kukaa milele na watu asioweza hata kuwajulia hali. Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho: akaniomba nimfundishe.

Tulianza na salamu, tukafika kwenye maji, chumvi na asante. Ulimi wake ulikuwa mzito, naye aliugombeza kama mbuzi aliyeingia bustanini. Alipojiona ameiva alitaka kujaribu, lakini si kwa walio hai, wangemcheka. Asubuhi moja akajikongoja hadi kwenye matete, nimemshika mkono.

"Mulishani mukwai," akawajulia hali kwa sauti ya kanisani.

"Bwino mukwai, bamayo," matete yakaitikia.

Nilimwachia mkono nikatimua mbio. Nilipogeuka, Kaku alikuwa palepale, anacheka na mama mmoja aliyetoka humo na mundu wa kukatia matete. Walikaa chini wakazungumza kwa maneno yale machache, chumvi na maji, maji na chumvi, hadi jua likawa kali. Tangu siku hiyo mama yule akawa anakuja kwetu. Kaku alipofariki mvua zilipoanza, ni yeye aliyeinama kaburini akawaomba wafu wa kwao, kwa Kibemba, wampokee mgeni wao.

Siku hizi matete yamefyekwa, pamejengwa vibanda vya kuchajia simu, na watoto hupita pale bila kugeuka. Wangu wamezaliwa hapa jirani, Nchelenge. Nikiwasemesha Kiswahili hunijibu Kibemba. Tukienda kaburini humsalimia Kaku vizuri kwa lugha yao, nami hufurahi kwamba alijifunza. Kisha huwatanguliza nyumbani, nikabaki. Hamu ya kuisikia sauti yake haijanitoka. Yapo mambo ambayo Kibemba changu hakiyafikii, na Nchelenge nzima sina tena wa kunisikia nikiyasema kwa Kiswahili, ila yeye.