Roshani ya Safinaz na Harusi za Binti Sultani

Roshani yetu imebomolewa na watu wa ikulu mara tatu, na mara zote mwenye harusi alikuwa mtu yuleyule.

Binti wa Sultani anapoolewa hapa Istanbul, mbele ya msafara hubebwa miti ya nta mirefu ajabu, imejaa ndege wa sukari. Kichochoro chetu ni chembamba. Mti usipopita, haukatwi mti, hukatwa nyumba.

Mara ya kwanza Binti Mihrinur alikuwa na miaka minne. Ndiyo, minne! Mumewe, pasha mwenye mvi, alikufa vitani kabla bibi harusi hajaota meno ya pili. Fundi Agop akatujengea roshani upya. Ikabomolewa kwa mume wa pili, ambaye alikosana na Sultani akakatwa kichwa. Agop akajenga. Ikabomolewa kwa wa tatu, aliyekufa kwa tumbo la kuhara. Huyo angalau alikufa kifo cha watu kama sisi.

"Hivi huyu mtoto hajui kukaa na mume?" mama yangu, Safinaz, alikuwa akifoka.

"Mama, waume wanakufa."

"Si awatunze!"

Baada ya harusi hiyo ya tatu, mama alianguka ngazini akavunjika nyonga. Agop alipojenga tena, tukamweka roshanini. Tangu hapo dunia yake yote ni pale: anashona mifarishi na kugombeza wapita njia. Kwa hiyo watu wa ikulu walipokuja kuchora ukutani alama ya chaki ya pa kubomoa kwa harusi ya nne, alimwita Bulisa, mchuuzi wa Kiyahudi anayewapelekea vitambaa mabinti wa Sultani.

"Kamwambie bibi huyo mimi ni kiwete, nina dirisha moja. Akiolewa tena ananizika hai."

"Shoga, nitakatwa ulimi!"

"Unao mrefu, watakubakishia."

Bulisa alirudi siku ya tatu. Binti Mihrinur hakukasirika. Aliuliza tu mama anaona nini kutoka pale. Bulisa akamtajia paka, muuza maziwa, wanawake wanaogombana kisimani. Akaombwa arudie ule ugomvi, mwanzo mpaka mwisho.

Sasa, Sultani wa leo, ami yake aliyerithi kiti baba yake alipokufa, alikuwa amemruhusu bibi harusi aombe jambo moja, lolote lile. Kila mtu alijua ataomba nini: aachwe na ujane wake kwa amani. Bwana harusi ana miaka sabini, na ameamriwa amwache mke aliyeishi naye miaka arobaini.

"Anaenda kuomba miti ifupishwe," Bulisa alisema. "Ipite chini ya roshani yako. Kesho anaingia kwa Sultani."

Nilipiga kigelegele. Mama akanirushia mkasi.

"Nyamaza! Ombi moja maishani, analitupa kwa mbao za Agop? Hana akili? Kalelewa na nani huyu?" Akalia, na kule kulia kukamzidishia hasira. "Kamwite Agop. Aje na msumeno."

Nilimsihi. Nikamfokea pia, kwa maana ni mimi ninayembeba kila siku, na ni mimi nitakayeishi na kisirani chake. Agop akaapa kwa watakatifu wake wote kwamba hatakata.

"Basi niletee shoka nikate mwenyewe."

Agop akakata, huku akilaani. Mahali pa roshani akapigilia mbao. Hata ufa hakuacha, maana mama alisema baridi itaingia.

"Bulisa, kimbia," mama alisema. "Mwambie roshani haipo. Ombi lake lote analo mwenyewe. Na safari hii asiwe mjinga."

Siku ya harusi tulisubiri ngoma tangu asubuhi. Haukupita mti, hakupita mtu. Alasiri Bulisa alikuja akihema: harusi imefutwa, yule bwana harusi mzee amerudi kwa mkewe.

Mama alikuwa amekaa, ameelekea zile mbao.

"Haya, kapata akili," alisema, akanyoosha mkono nimpe uzi.