Wiski ya Machungu

Nyie mnaonicheka tangu sokoni, kaeni niwaambie mwenyewe, maana mpaka sasa hasira zinanitoka puani kama moshi wa treni.

Mimi ni boi wa mzungu wa reli hapa Manyoni. Juzi alialika wazungu wenzake, akaniahidi wakifurahi nitakuwa mpishi. Akaniagiza, "Changanya wiski na sukari. Halafu tia machungu mingi."

Nikashangaa kidogo, lakini hawa si ndio wanakula jibini iliyooza? Mezani kulikuwa na kapu la machungwa, nikalisukuma pembeni lisinizuie kazi. Nikakata shubiri nyuma ya jiko, nikaikamulia kila gilasi mpaka nzi waliokuwa wanakuja wakageuza njia.

Mgeni wa kwanza alipoonja, macho yalihamia kisogoni. Wa pili alimtemea mkewe.

Bwana akaingia jikoni mwekundu kama pilipili. "Nani alisema weka sumu?"

Na mimi nikawaka. "Wewe, bwana. Ulisema machungu. Kuna kitu kichungu kuliko shubiri?"

Akanyakua chungwa kapuni, akanisukumia puani.

"Pumbavu! Machungu ni hii!"