Mama mkwe alisema mbuzi yangu "ipikwe", nikatoa sufuria kubwa

Chamgei wakuu, na nyinyi wa kwetu Kisii, bwakire.

Hii nawaambia vile ilikuwa, sijaongeza chumvi. Mwenye anabisha akuje Silibwet aulize mama mkwe. Yeye anaisimulia vizuri kuliko mimi, na anacheka kabla afike katikati.

Mimi ni Mkisii wa huko ndani kabisa, nimeolewa kwa Wakipsigis. Mzee wangu anafanya shift kwa factory ya majani chai, kwa hivyo mchana hapa nyumbani huwa ni mimi na mama yake tu.

Sasa huku bibi harusi haingii nyumba ovyo ovyo. Unasimama mlangoni, umenyamaza, mpaka wakuahidi mifugo. Nilisimama hapo na viatu za kuniumiza vidole. Shemeji mmoja akaahidi kuku, mwingine kondoo, mimi kimya.

Mama mkwe akaona nimekaza. Akasema, "Ingia, msichana wangu. Nimekupa mbuzi yangu ya maziwa."

Wueh! Niliingia mbio.

Hiyo mbuzi nikaiita Blessing. Muelewe, kuku na kondoo bado zilikuwa ahadi tu, na kila kitu kingine kwa hii boma nilikikuta. Blessing ndio alikuwa wangu, wa jina langu, na nilimpenda aki. Mtu akinitafuta asubuhi alikuwa ananipata kwa zizi tukipiga story.

Mvua ilipoanza, Blessing akaanza kukonda. Manyoya imesimama, anajikuna kwa nguzo mpaka ngozi inabaki uchi. Na alikuwa na mimba! Tumbo kubwa, mgongo mifupa tupu.

Nikakimbia agrovet, duka la dawa za mifugo, nikasema mbuzi imekonda. Nikapewa vitamini ya unga ya kuchanganya na maji. Anakunywa, anakonda. Naongeza, anakonda. Nikaanza kumwombea. Msinicheke, bado.

Siku ya soko mama mkwe akaenda Siongiroi, akasema ataulizia huko mtu wa mifugo. Mimi nikabaki nikisafisha nyumba, kwa sababu kesho yake wazazi wangu walikuwa wanakuja kunitembelea, mara yao ya kwanza.

Mchana simu ikalia, ni yeye. Network mbovu, soko ni kelele, ng'ombe zinalia nyuma yake.

"Hiyo mbuzi yako ipikwe leo! Kesho tuko na wageni, hatutapata nafasi! Ipikwe leo leo!"

Simu ikakatika.

Wakuu, nilikaa chini kwa mlango. Nikajiambia, basi daktari amesema Blessing haponi, na mama ameona heri aliwe na wageni kuliko afe bure. Wageni wenyewe ni baba na mama yangu. Nitawapakulia aje?

Kumpigia mama mkwe simu nimuulize, nikaogopa. Mimi ni mgeni kwa hii nyumba, nianze kubishana na mama mkwe na hata mwaka sijamaliza? Nikampigia mzee wangu, simu imezimwa, yuko kazini.

Nikaita Kiprono, binamu ya mzee wangu, yeye ndiye huchinja hapa jirani. Akaja na kisu. Akaangalia Blessing, akaangalia ile tumbo.

"Mama amesema tuchinje mbuzi iko na mimba?"

"Amesema."

"Basi akuje aseme na mdomo yake. Mimi sigusi."

Akakaa kwa nyasi, kisu kando. Mimi huyo jikoni. Nikaosha ile sufuria ya sherehe, nikawasha moto, nikaanza kukata vitunguu. Nilikata vingi kuliko vile vinahitajika, ili mtu akiniuliza mbona nalia niwe na jibu.

Jioni mama akafika, na nyuma yake mwanaume amebeba pampu ya kupulizia dawa mgongoni na sanduku mkononi. Mama akaona moto, sufuria, Kiprono na kisu.

"Kuna nini hapa? Nani anaoa?"

"Mama, si ulisema ipikwe."

"Ee, ipikwe. Si huyu ndiye taktari."

"Daktari ndiye anapika?"

"Anapika sintano! Sintano ya vitamini, na tawa ya chawa!"

Kiprono alilala kwa nyasi akicheka, akashika mbavu kama mtu amepigwa teke. Kwa wale hamjaishi huku: Mkipsigis wa umri wa mama, "g" na "k" kwake mara nyingi hubadilishana viti, na "d" na "t" vilevile. Alitaka mbuzi ipigwe sindano. Mimi nimekata vitunguu ya kulisha kanisa.

Mama naye alicheka mpaka leso ikamfunguka. Halafu akaona macho yangu, akaacha kucheka.

"Ungepika mbuzi yako, na hukuniuliza?"

"Niliogopa, mama."

"Uliogopa nani? Hii ni nyumba yako. Na mbuzi ni yako. Mimi nikisema kitu mbaya, unaniambia mama, hapana."

Nikalia tena, na safari hii sikutafuta kitunguu.

Daktari akashika Blessing, akafungua manyoya ya shingoni. Yesu! Chawa zimejaa kama ufuta. Akaniambia vitamini yangu haikuwa mbaya, lakini mimi nilikuwa nalisha chawa. Naweka juu, wao wananyonya chini.

Akachagua dawa haidhuru mimba, akapulizia Blessing mpaka ngozi ikalowa, bila kugusa macho, kisha akapiga sindano ya vitamini. Mbuzi zote za boma zikaoga siku hiyo, hata zile hazijikuni, na zizi tukalifagia na kulipulizia pia.

Kesho yake wageni walikula kuku. Mama mkwe akawasimulia kila kitu, na baba akacheka mpaka akakohoa chai. Mama alipoona tunamcheka sana akageuka: "Na nyinyi Wakisii mchele mnauita mchere, mimi nimewauliza?"

Funzo, wakuu. Mbuzi ikikonda, fungua manyoya uangalie kabla ya kukimbilia vitamini. Dawa ya chawa rudia baada ya wiki mbili hivi, kwa sababu mayai haifi na ile ya kwanza. Kama iko na mimba, uliza mtaalamu kwanza. Na ukiambiwa kitu kwa simu haikuingii akilini, piga tena uulize. Simu ni ya kuuliza.

Blessing alinona, manyoya ikalala, akazaa mapacha, wote wa kike. Juzi mama akasema atachukua mmoja apelekee dada yake.

Nikavuta pumzi. Nikasema, "Mama, hapana. Bado ananyonya."

 Akatabasamu, akachukua ndoo yake akaenda zake akisema, "Haya. Mwenye mbuzi amesema."

Sasa nyinyi mlioolewa ama kuoa kwa watu wa lugha ingine, semeni hapa chini, neno gani liliwahi kuwaponza? Na mwenye anajua dawa ya kienyeji ya chawa za mbuzi inafanya kweli, asikalie.