Vijiti Vilivyosimama kwenye Wali

"Toa hivyo vijiti! Vitoe sasa hivi!"

Ndivyo nilivyopiga kelele mwezi uliopita, mbele ya watu waliokuwa wakila kwa utulivu katika mkahawa mmoja wa Kijapani mjini Meru. Binti yangu, anayesoma chuo kule Nchiru, ndiye aliyenipeleka. Tulikuwa tumeonja sushi, vipande vya samaki mbichi juu ya wali, vyangu nikavimeza haraka kama dawa ya malaria. Kisha yakaja mabakuli ya rameni, tambi ndani ya mchuzi mzito, na kando yake wali mweupe. Simu ya binti yangu ikalia. Akachomeka vijiti vyake vya kulia katikati ya wali, vikasimama wima, akainama kuitafuta simu kwenye mkoba.

Ndipo nikapiga kelele.

"Mami, kwani nimefanya nini?" akauliza, macho yamemtoka.

Yeye nilimjibu kwa ufupi. Wewe, rafiki yangu, acha nikueleze vizuri.

Nililelewa na nyanya yangu karibu na Siakago, upande ule wa joto na vumbi jekundu, ambako mvua ikinyesha watu hutoka nje kuitazama. Nikifumba macho bado nasikia harufu ya kunde zikichemka, na sauti yangu mwenyewe nikifukuza ndege kwenye mtama. Jirani yetu alikuwa mwalimu Mjapani, mwanamke mwembamba aliyekuja kufundisha hesabu katika shule ya upili. Kila asubuhi nilimpelekea maziwa ya mbuzi, naye akayapokea kwa mikono miwili huku akiinama, kana kwamba mimi ndiye mkubwa. Nyanya, ambaye mwalimu alimwita Cucu kama nilivyomwita mimi, alimpenda kwa sababu alishika jembe. Mgeni anayelima, alisema, huyo si mgeni.

Jumamosi moja mwalimu akatualika kwa chakula cha jioni. Nyanya akajifunga kitambaa chake cha kanisani. Tulimkuta mwalimu amekanda unga wa ngano, akaukata nyuzi nyembamba na kuzichemsha katika supu ya kuku. Mimi niliona minyoo. Mwalimu akainua bakuli, akavuta tambi kwa mlio, fyuuu, mlio ambao nyumbani ungenipatia kofi. Nikamtazama nyanya nikingoja radi ipige. Nyanya akakohoa, akashika bakuli lake, naye akavuta. Fyuuu! Tulicheka mpaka machozi yakatutoka.

Kisha tukapakuliwa wali. Nyanya alikuwa amechoka kupigana na vile vijiti. Akavichomeka katikati ya wali, akajifuta mikono ale kwa vidole.

Mwalimu akaacha kucheka. Bakuli likamponyoka, mchuzi ukamwagika mkekani. Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, lakini kilio kikapenya katikati ya vidole. Sikuwa nimewahi kumwona mwalimu yeyote akilia. Sikujua kwamba walimu hulia.

"Muulize nimemkosea nini," nyanya akaniambia kwa Kimbeere, lugha yetu, ameganda pale alipoketi.

Nikamuuliza. Mwalimu alihangaika kupata pumzi.

"Kwetu, wali wenye vijiti vilivyosimama ni wa marehemu," akasema. "Tunamwekea mtu aliyekufa." Akajifuta macho. "Cucu hana kosa. Mama yangu amekufa. Nilipigiwa simu posta, Jumatatu."

Nilitafsiri.

"Jumatatu?" Nyanya alishika kifua. "Wiki nzima anaingia darasani? Amepika, ametuchekesha, na mama yake hayuko duniani? Muulize kwa nini hakutuambia!"

"Sikutaka kuwasumbua," mwalimu akajibu.

Ilinibidi kulitafsiri jibu hilo mara mbili, maana nyanya hakuamini masikio yake. Mtu kulia peke yake, ukuta kwa ukuta na sisi, na sisi tunalala usingizi! Sijui ni nani aliyeshtuka zaidi, mwalimu kwa vile vijiti au nyanya kwa maneno yale. Nyanya akavichomoa vijiti polepole, akavilaza kando, akamvuta mwalimu kifuani na kumbembeleza kwa Kimbeere, lugha ambayo mwalimu hakuijua. Safari hii hakuna aliyeniomba nitafsiri.

Kesho yake, kabla ya kanisa, wanawake wa kijiji walioitwa na nyanya wakafika. Huyu amebeba kuni, yule mtungi wa maji, mwingine uji wa mawele. Hata jina la marehemu hawakuweza kulitamka. Lakini waliketi sakafuni, wakaimba, wakamwambia mwalimu kupitia kwangu, "Tuambie, mama alikuwa mtu wa namna gani?" Akasimulia mpaka jua likawa la utosini: mama mkali, mkulima wa mpunga, aliyeimba vibaya na hakujali. Wanawake wakacheka, kisha wakalia naye.

Mwalimu alirudi kwao mkataba wake ulipokwisha. Nyanya tulimzika zamani, na penye nyumba ya mwalimu sasa pana duka la saruji na mabati. Mimi nilihamia Meru. Mume wangu alipofariki, simu yangu ilijaa jumbe za pole kutoka kila pembe. Nilizisoma zote, na nilishukuru. Asubuhi niliamka nyumba iko kimya, hakuna aliyebisha hodi na kuni wala uji, nikajichemshia chai, nikainywa peke yangu.