Simu ya 028 Niliyoikata

Siku ya kwanza kazini pale Tarime, Mkuu wa Kituo hakunipa hata kiti. Alinisimamisha mbele ya ubao wa kuunganishia simu akasema, "Kijana, masikio yako ni ya ofisi. Mdomo ufunge. Na usiamini sauti: mtu akijitaja kuwa bwana mkubwa, mwambie akate, umpigie wewe."

Niliishika kanuni hiyo kuliko katekisimu. Enzi zile opereta alichomeka waya kwa mkono ndipo watu wakaongea. Ng'ombe wakiibwa, sisi maopereta ndio tuliotazamwa vibaya kwanza, eti tumesikia kwenye simu walikofichwa. Nami niliwatazama wapiga simu vivyo hivyo.

Baadaye Mkuu wa Mitambo alituletea simu za kujipigia mwenyewe bila opereta, zenye 028 mbele. Wengi walidhani tarakimu hizo ni za mkoa wetu wa Mara peke yake. Wapi! Mwanza na Bukoba nao ni 028. Inakuambia tu kwamba mpigaji anatumia simu ya waya, mji hujui. Nilimalizia kazi Mugumu, ambako wezi walikata nyaya mpaka nikazifuta namba zote za mji daftarini kwa mkono wangu.

Mwaka jana, nikiwa nimestaafu, simu yangu ya mkononi iliita: 028.

"Shikamoo baba. Mimi nesi, napiga kutoka hospitali, Mugumu. Mdogo wako Mwita amelazwa, hali si nzuri. Anaomba kuongea na wewe."

Mwita na mimi hatukuwa tumesalimiana tangu tugombee shamba la marehemu baba. Aniombe mimi?

"Marahaba. Mugumu hakuna simu ya waya, binti. Nilizifuta mwenyewe. Tafuta mjinga mwingine!"

Nikakata. Akapiga tena, nikakata. Kuipigia namba ile, kama nilivyofundishwa, sikujisumbua. Ujuzi ulinipa kiburi.

Kesho yake alinipigia Bhoke, binti wa Mwita, akilia. Baba yake alikuwa amefariki asubuhi. Kumbe hospitali ilishafungiwa laini mpya ya simu ya waya, mimi sina habari. Nilikaa chini hapo hapo uani.

Msibani nilimuuliza Bhoke kama baba yake aliyasikia maneno yangu.

"Aliyasikia, baba mkubwa. Nesi alikuwa ameweka sauti ya nje. Baba alicheka, akasema, 'Ndiye yeye huyo. Mwacheni, nimeshamsikia.'"

Nilimshukuru. Lakini Bhoke ni mtoto mwenye huruma, na mimi hadi leo nashuku kwamba Mwita hakucheka.